Nilivyokwenda Kampala Kutafuta Kazi ya Cherehani

Niliondoka Mombasa kwa sababu ya muuza papa wa chumvi. Hakuwa mtu mbaya, Mungu ni shahidi. Alikuwa mpole, mkewe amefariki, ana duka lake na watoto wake wakubwa, na ami yangu Salim alikuwa ameshamwambia kwamba mimi nitamfaa. Tabu ni kuwa bwana yule alitaka mke asiyekuja na mtoto, na mimi nilikuwa na Rukia, binti yangu wa miaka saba, niliyebaki naye baada ya talaka. Ami aliliona jambo jepesi: mimi niolewe, Rukia akae kwa bibi yake. Mimi sikuliona jepesi hata kidogo.

Wakati huo nilikuwa nakula na kulala kwa Ami. Duka nililokuwa nikishonea huko Majengo lilikuwa limefungwa, mwenyewe kahamia ng'ambo na familia yake, na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nilimwomba Ami anipe nafasi nikatafute kazi. Akafikiri, akakuna ndevu, akasema nimepewa mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Nikipata kazi ya kunitosha mimi na mwanangu, hatasema tena habari ya papa. Nikikosa, nitarudi niolewe na Rukia atabaki. Tulikubaliana mbele ya mama, na mama akaanza kunifungia mkate wa sinia siku ileile, Ami asije akabadili mawazo.

Kampala niliichagua kwa hesabu, si kwa kubahatisha. Mama yangu mdogo, Saada, alikuwa ameolewa huko na Mnubi, dereva wa lori, Bwana Marjan, aliyepita Mombasa mara kwa mara kuchukua mizigo. Yeye ndiye aliyetuambia kuwa tangu serikali ya wanajeshi ilipowafukuza Wahindi, maduka yamegawiwa watu wengine, mashine zimo, vitambaa vimo kidogo, lakini mafundi wa kukata nguo hawapatikani. Nilichukua makasi yangu, futi ya kupimia, na kitambaa kimoja cheupe ambacho nilikishonea kila mshono ninaoujua, tundu za vifungo, marinda, kola, mfuko wa ndani, ili atakayeniuliza najua nini nimwoneshe badala ya kumsimulia. Kwa ushauri wa Bwana Marjan niliongeza sabuni na sukari, vitu vilivyokuwa adimu kule.

Kutoka Mombasa mpaka Nairobi nililala. Nairobi nilibadili treni, na tangu hapo nikashinda dirishani. Baada ya Nakuru ulikuja ubaridi ambao leso zangu mbili hazikuuweza, na mwalimu mmoja aliyekaa mbele yangu akanipa koti lake nijifunike magoti. Alikuwa mwenyeji wa Jinja, anarudi kutoka kumwona kaka yake. Alikuwa na kichane cha ndizi na kila tulipofika stesheni alinimenyea moja. Alinifundisha pia kusalimu kwa Kiganda na akacheka sana kwa jinsi nilivyotamka.

Mpakani, saa za asubuhi, askari waliingia ndani ya treni. Mmoja alifungua kikapu changu, akaikuta sabuni, akaipita, akainua makasi.

"Hii makasi ya nini?"

"Ya kukatia nguo, afande. Mimi ni fundi cherehani."

"Wewe iko na sindano?"

Nilikuwa nayo. Akanyosha mkono, kumbe kifungo cha mkono wa shati lake kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Nikakishona hapo hapo, yeye amesimama, bunduki yake imenielekea sikioni, na nakwambieni sijawahi kushona kifungo kikashika namna ile. Alipoona kimekaza alitabasamu akaniambia karibu Uganda. Ikawa ndiyo kazi yangu ya kwanza katika nchi ile, na malipo yake ni kwamba makasi yalirudi kikapuni.

Lakini yule mwalimu alitakiwa karatasi zake, wakazitazama mara mbili, wakamwambia ashuke na mzigo wake. Alishuka. Nilimrudishia koti kwa dirishani akasema ahsante kama mtu anayekwenda kununua maji. Treni iliondoka bila yeye. Ndizi zake zilibaki kitini mpaka Kampala, hakuna aliyezigusa, hata tulipopita kwao Jinja. Niliogopa sana. Nilitamani treni igeuze, kisha nikamkumbuka Rukia nikakikumbatia kikapu changu.

Kampala, stesheni, Mama Mdogo Saada alinikumbatia mimi, halafu akaikumbatia sabuni. Nyumba yao ilikuwa Kibuli, mlimani, na ukisimama uani unaliona kanisa kubwa la Lubaga ng'ambo ya mji. Jioni ile Bwana Marjan alinisikiliza mipango yangu. Nilimwambia nitaanzia duka la kwanza Kikuubo na nitapiga hodi mlango hadi mlango mpaka nipate. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, mimi naendesha lori miaka mingi," alisema. "Kabla mimi nauliza mzigo, kwanza mimi naangalia nani nakosa gari. Wewe kaa chini, angalia nani nakosa fundi."

Niliitikia kwa heshima, na kesho yake nikafanya nilivyopanga mwenyewe, maana sikio la mtafuta kazi limejaa haraka.

Kikuubo ni vichochoro vya maduka ya jumla, magunia mlangoni, wachukuzi wanapita na mizigo kichwani wakikupigia kelele upishe. Niliingia kila palipokuwa na cherehani. Maneno yangu yalikuwa mamoja: shikamoo, naitwa Mwanakombo, natafuta kazi. Na majibu yalikuwa ya namna tatu. Mwenyewe hayupo. Njoo kesho. Kazi hakuna. Bwana mmoja alitaka kujua kama naweza kuuza mablanketi, nikasema naweza, akasema basi tungoje mablanketi yaje. Nilizunguka hivyo siku kadhaa. Kila nilipotoa kitambaa changu cha mishono watu walikisifu, wakakikunja vizuri, wakanirudishia.

Jambo moja niliona katika kuzunguka kule. Serikali ilikuwa imewapiga marufuku wanawake kuvaa nguo fupi, na askari walikuwa wakitazama miguu ya watu barabarani. Vitambaa navyo vilikuwa adimu. Basi kila gauni lilikuwa limeongezewa pindo la kitambaa kingine: la bluu lina kipande chekundu, la maua lina kipande cha pazia. Mji mzima ulikuwa umeongezewa pindo. Jirani zake Mama Mdogo waliposikia mimi ni fundi walianza kuniletea za kwao, nikawa nashona uani jioni, na hapo nilipata angalau cha kununulia chumvi. Lakini hiyo haikuwa kazi ya kumrudia nayo Ami.

Asubuhi moja nikaona nimechoka kuwa mjuaji. Niliteremka Nakivubo, mahali pa soko na magari, nikakaa karibu na mama muuza njugu mbele ya safu ya maduka. Nilinunua njugu zake nikamwomba ruhusa ya kukaa, na siku ile sikumwomba mtu kazi. Nilitazama tu. Kufika adhuhuri nilikuwa nimeona duka moja ambalo wanawake waliingia na vitambaa vyao vimefungwa vizuri, wakatoka navyo vilevile, wamenuna. Nikamuuliza mama wa njugu kuna nini pale. Akaniambia mwenye duka anaitwa Nnalongo, jina ambalo Waganda humpa mama wa mapacha, na kwamba ana mashine nne na wasichana wa kushona, lakini fundi wake wa kukata amekwenda kwao Kongo hakurudi. Na Jumamosi kuna siku ya kutambulisha bwana harusi huko Lubaga, na magomesi, yale mavazi marefu ya wanawake wa Kiganda, ya watu wazima bado yamelala kama vitambaa.

Niliposikia hivyo nilimshukuru nikavuka barabara.

Nnalongo alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Juu ya mlango wake jina la mwenye duka wa zamani lilikuwa limepakwa rangi, na chini ya rangi bado lilisomeka. Nakiri liliniuma kidogo wazo la kukaa kwenye cherehani ya mtu aliyefukuzwa. Lakini sikusema, na nadhani kila aliyekaa pale hakusema. Safari hii sikuuliza kama kuna kazi. Nilimsalimu kwa Kiganda cha yule mwalimu, nikamwuliza ni nguo gani imemshinda.

Alinitazama tangu kichwani hadi miguuni. Halafu akaweka mezani kitambaa cha hariri rangi ya zambarau iliyoiva.

"Hii ya ssenga," alisema. "Kama hii nashinda wewe pia, basi wewe rudi Mombasa. Kama wewe naweza, kazi yako."

Ssenga ni shangazi wa bibi harusi, na siku ile ya kutambulishwa yeye ndiye mkubwa wa mambo. Ndiye anayemtoa bwana harusi mbele ya wakwe. Macho yote kwake. Na gomesi mnaijua, hata kama hamjaivaa: mabega yamesimama kwa ncha, vifungo viwili kifuani upande, upana unaojikunja mbele, na mshipi mpana unaoshikilia yote kiunoni. Niliazima moja kuukuu nikaitazama mishono yake nje na ndani, nikampima ssenga alipokuja, mama mnene mcheshi, nikakata.

Sasa sikilizeni ujanja wangu. Kitambaa kilikuwa adimu, hilo nilishaliona kwa macho. Nikasema moyoni, Nnalongo atanipenda nikimwokolea kitambaa. Gomesi ile kuukuu ilikuwa na upana wa kupita kiasi, nikaona ni ufundi mbovu tu. Mimi nikaipunguza, nikaikaza ikae mwilini kama gauni la harusi la Mombasa, na kilichobaki nikakikunja nikakiweka mezani mbele ya Nnalongo ili akione vizuri. Mafundi wengine huficha vipande, mimi narudisha. Nilijisikia fundi kwelikweli.

Ijumaa asubuhi ssenga alikuja kuijaribu. Alisimama katikati ya duka, wasichana wakaacha kushona, wakapiga vigelegele. Nguo ilimkaa. Mabega yalisimama, mshipi ulilala, ssenga akajigeuza mbele ya kioo na kuniita binti yake. Nnalongo alikuwa ameshaanza kuniambia nitakaa mashine ipi.

Wakati ule ule mzee mmoja wa kanzu na koti aliingia, shemeji yake ssenga, amekuja kumchukua. Na ssenga, kama wanawake wote wa kwao wanavyofanya, akashuka kumsalimu kwa magoti. Alifika katikati. Gomesi ikakataa. Akawa ameinama pale, si amesimama si amepiga magoti, mkono mmoja umeshika meza, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Akajaribu kushuka kwa nguvu na mshono wa ubavuni ukalia hadi kila mtu akausikia. Mzee akageuza uso akaanza kusoma kalenda ukutani.

Nnalongo hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mombasa, gomesi yako ni mzuri," alisema. "Lakini mtu nasimama tu maisha yake yote?"

Nilitamani sakafu inimeze. Niliona kazi inatoka mlangoni na Rukia anakwenda nayo. Na jambo lililoniumiza zaidi ni hili: mimi mwenyewe napiga magoti mara tano kwa siku. Hakuna hata mara moja niliyowahi kuswali katika gauni la kubana. Nachukua leso pana, najifunika, nashuka na kuinuka bila kufikiri. Niliijua haja ya upana ule kwa magoti yangu mwenyewe, ila sikuwahi kudhani kuwa mtu mwingine naye ana magoti.

Ssenga aliposaidiwa kusimama alikuwa anacheka, lakini macho yake hayakucheka. Alisema kama ataanguka kesho mbele ya wageni, watu hawatasema nguo imeanguka, watasema ukoo umeanguka. Nikamwambia asiende. Nikamwomba msamaha, nikatandika kanga safi sakafuni, nikamwomba apige magoti, na mimi nikapiga magoti mbele yake, nikaanza kumpima upya akiwa chini vilevile. Kiunoni hadi gotini, gotini hadi sakafuni, na mzunguko wote wa mapaja yakiwa yamekunjwa. Nilimwomba asalimie, aniitikie, ainuke, ashuke tena, nikitazama wapi kitambaa kinavutwa. Wasichana wakaacha kunicheka, mmoja akaja kunishikia pini. Yule mzee alingoja nje na mama wa njugu.

Kile kitambaa nilichokiweka mezani kwa maringo ndicho kilichoniokoa. Kama ningekitia mfukoni kama wanavyofanya wengine, au Nnalongo angeshakiuza, tusingepata kingine cha rangi ile mji mzima. Nilifumua ubavu, nikaingiza kipande kizima ndani ya mkunjo wa mbele, mahali ambapo maungio hayaonekani, nikalegeza nyuma, nikapiga pasi. Kufika alasiri ssenga aliivaa tena. Alishuka hadi chini, akakaa, akasalimia ukoo mzima wa kufikirika, baba, babu na majirani, akainuka bila kushika kitu.

Jumamosi, Lubaga, Nnalongo alinichukua nikaone mwenyewe. Tulisimama nyuma karibu na wapishi. Palikuwa na mahema, vikapu vya zawadi vimepangwa, wazee wa pande mbili wanataniana kwa maneno marefu ambayo sikuyaelewa ila nilicheka wengine walipocheka. Ssenga akatoka na zambarau yake. Alipiga magoti mbele ya wakwe na hariri ikafunguka pande zote kama maji yaliyomwagwa. Nilihesabu kila aliposhuka na kila alipoinuka mpaka nikachoka kuhesabu. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema, na Nnalongo akaninyoshea sahani ya matoke akaniambia Jumatatu nije mapema.

Nilifanya kazi pale mpaka Shaaban ilipokaribia kwisha, na nikiwa pale kila mteja wa gomesi alipimwa amesimama na amepiga magoti. Wengine walikuja kwa udadisi wa kupimwa hivyo tu. Kisha niliomba ruhusa nikamchukue mwanangu. Kabla sijaondoka Mama Mdogo aliniketisha akanieleza mji bila kuupamba. Hapa mtu anaweza kutoka asirudi, alisema, na jirani hawatauliza. Usizungumze usiyoyajua, usizungumze hata unayoyajua. Lakini tunaishi, tunaozesha, tunazaa. Nililifikiria sana jambo la kumleta mtoto katika nchi ile. Nilimfikiria mwalimu wa treni. Mwishowe nikaona hofu ya kule ningekuwa nayo pamoja na mwanangu, na salama ya Mombasa ningekuwa nayo bila yeye.

Njia ya kurudi ilikuwa nyepesi. Mpakani hakuna aliyeshushwa, nami nilishukuru kwa sauti mpaka abiria wenzangu wakageuka. Nairobi nilimnunulia Rukia viatu, vikawa vikubwa, na afadhali, atavivaa akikua.

Mombasa nilimkuta Ami barazani na bwana wa papa, wanakunywa kahawa, wanangoja mwezi na wananingoja mimi. Nilisalimu, nikakaa, nikawaeleza yote, na nilipofika pale ssenga alipokwama katikati, bwana wa papa alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Alisema mbele ya Ami kuwa mwanamke mwenye kazi ya namna hii kumtia nyuma ya duka la papa ni israfu, akaniombea heri, akaenda zake. Nilimpenda sana siku ile, kuliko siku zote alizotaka kunioa. Ami aliweka chini kikombe chake. Aliuliza jambo moja tu, na mtoto? Nikasema naondoka naye. Akainuka kwenda kuswali.

Basi wanaonifuata sasa kuniuliza kazi hutafutwaje, nawaambia hivi. Jiandaeni na ujuzi wenu muubebe mkononi uonekane. Msiwaulize watu kama wana kazi, tazameni kwanza kinachowasumbua. Na mkishapewa cha kujaribu, waulizeni wale watu wanaishije ndani ya hicho kitu, wanakaaje, wanainamaje, wanasalimianaje, kabla hamjaweka makasi. Mimi kazi niliitafuta kwa miguu, nikaipata kwa magoti.

Baada ya Idi tulikwenda stesheni ya Mombasa kupanda treni ya kurudi Kampala, mimi na Rukia na masanduku. Mama alikuwa analia kwa furaha na kwa majonzi, vyote pamoja. Ami ndiye aliyembeba Rukia begani na kusukuma mizigo dirishani, na kila rafiki yake aliyepita alimsimamisha, akaninyoshea kidole, akamwambia kwa sauti ya kusikika behewa zima, "Huyu nilimtuma mimi Kampala. Nilimwambia, nenda, kazi iko kule."

Mama akanitazama. Nilimbana mkono asiseme. Kazi nilikuwa nayo, mwanangu nilikuwa naye, nikamwachia Ami sifa zote akae nazo.